Mbweni, Kibada au Goba: wapi kumetulia kwa familia yenye watoto?

Mama Pacha
Habari zenu wadau. Mwezi ujao tunahama kutoka Sinza, hapa hapa Dar es Salaam. Pacha wetu wana miaka sita na uwanja wao wa kucheza ni korido ya nyumba ya kupanga. Usiku muziki wa baa hauzimwi mpaka saa nane. Natafuta mtaa uliotulia, wenye sehemu ya kula jioni bila kupanda gari, na eneo la wazi la watoto kukimbia. Kazini kwangu ni Posta, katikati ya jiji. Tumebaki na Mbweni, Kibada na Goba. Mnaoishi huko naombeni ukweli.

Mzee wa Ramani
Dada, kwanza uliza mtaa ulipimwa kabla ya watu kujenga, au watu walijenga kwanza. Mbweni na Kibada ziliingia kwenye ule mradi wa serikali wa kupima viwanja 20,000, wa mwaka 2002. Barabara za ndani na maeneo ya wazi vilichorwa kwenye ramani kabla ya tofali la kwanza. Goba sehemu kubwa ni mashamba yaliyouzwa vipande vipande, kila mwenye shamba akakata kivyake, na hakuna aliyetenga kipande chake kiwe uwanja wa watoto. Ndiyo maana nyumba nzuri kabisa ya Goba unaweza kuifikia kwa kichochoro ambacho magari mawili hayapishani.

Hata palipopimwa usiridhike na maneno ya dalali. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, uliza eneo la wazi liko wapi, kisha lifuate kwa miguu ulione. Mengine yalishageuka gereji zamani.

Binti wa Goba
Nina miaka saba Goba na ninapapenda. Ni mlimani, jioni upepo unapita hadi feni tunazima. Ukikaa karibu na Goba Senta hulali njaa: mishkaki, ndizi za kuchoma, kuku, chipsi mayai. Ila mzee kasema kweli kuhusu uwanja. Wanangu walikuwa wanacheza kwenye kiwanja cha jirani ambacho hakijajengwa. Juzi amemwaga mchanga na kokoto. Ni mali yake, ana haki, lakini iliniuma sana kuwaona wamesimama pembeni na mpira wao. Na masika njia za udongo kwenye miteremko zinachimbika makorongo.

Mkazi wa Mbweni
Utulivu upo, na bahari ipo karibu. Lakini ninapoishi mimi kila nyumba ina ukuta mrefu na geti, watoto hawajuani. Tukitaka kula nje tunakwenda Tegeta au Boko. Kwenda Posta natoka saa kumi na moja alfajiri kukwepa foleni ya barabara ya Bagamoyo. Ungekuwa hufanyi kazi mjini ningekwambia uje bila kusita.

Baba Zuhura, Kibada
Karibu Kibada, mama, huku Kigamboni ng'ambo ya maji. Saa kumi na moja jioni barabara za mtaa wetu zinajaa watoto na baiskeli. Kona ya kwangu kuna mama anakaanga mihogo na samaki, mbele yake kijana wa supu ya pweza, na asubuhi vitumbua vya moto. Tunafahamiana kwa majina.

Usafiri: napanda daladala hadi feri, navuka na pantoni, namalizia Posta kwa miguu. Pantoni ikichelewa na wewe umechelewa. Tangu 2016 kuna Daraja la Nyerere, ila gari linalipa tozo, kwa hiyo iweke kwenye bajeti. Na onja maji ya bombani kabla ya kulipa kodi. Nyumba yangu ya kwanza huku ilikuwa na kisima cha maji ya chumvi, chai hainyweki, na kodi ya miezi sita nilishatoa.

Mzee wa Ramani
Nyongeza. Dalali atakupeleka mchana, Jumapili, mtaa umelala. Nenda mwenyewe Jumamosi saa tatu usiku, simama nje ya geti nusu saa, usikilize.

Mama Pacha
Asanteni sana. Goba naiacha kwa sababu ya uwanja, Mbweni kwa sababu ya foleni. Jumamosi hii tunavuka na watoto kwenda Kibada, tutakaa hadi usiku. Baba Zuhura, yule mama wa mihogo anafunga saa ngapi?

Baba Zuhura, Kibada
Saa mbili na nusu. Nitamwambia awawekee.