Mjadala: Kumpigia mgombea ubunge wa chama kidogo ni kupoteza kura?

Mleta mada, Kigoma Mjini

Wakuu, kila uchaguzi ukikaribia tunaambiwa maneno yale yale: usipoteze kura yako kwa chama kisichofika popote, chagua CCM au chagua chama kikubwa cha upinzani, basi. Nimechoka kuyasikia bila kuyajibu. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili mnishambulie vizuri: kwenye ubunge, udogo wa chama peke yake si sababu ya kumnyima mtu kura. Urais sizungumzii. Nazungumzia jimbo.

Tuanze na kumbukumbu. Mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo urudi 1992, majimbo yalikuwa 232. CCM ilichukua 186, CUF 24, NCCR-Mageuzi 16. CHADEMA ilipata matatu, sawa na UDP. Matatu! Mwaka 2005 ilikuwa na majimbo matano nchi nzima. Leo wanachama wake wengine ndio wanaoongoza kuwaambia watu kwamba vyama vidogo vinapoteza kura. Waliowapigia miaka ile wangesikiliza ushauri huo, chama chao kingekuwa wapi?

Pili, kazi. Bungeni 2014, aliyelishikia bango suala la akaunti ya Tegeta Escrow, yale mabilioni ya mgogoro wa umeme wa IPTL yaliyotolewa Benki Kuu, hadi akarushiana maneno makali na Mwanasheria Mkuu wa Serikali alikuwa David Kafulila wa Kigoma Kusini. Chama chake, NCCR-Mageuzi, kilikuwa na majimbo manne tu, yote ya mkoa huu wetu. CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, akakagua, Kamati ya Bunge ya hesabu za Serikali (PAC) ikaleta taarifa bungeni Novemba, na kufikia Januari 2015 Mwanasheria Mkuu alikuwa amejiuzulu, waziri mmoja ameondolewa na mwingine ameachia ngazi. Mbunge haulizwi na kiti cha Spika chama chake kina watu wangapi kabla ya kuruhusiwa swali la nyongeza, hoja binafsi au jedwali la marekebisho ya muswada. Haki hizo anazo hata akiwa peke yake.

Hapa mjini tumeliishi hilo. Mwaka 2015 Zitto Kabwe aligombea kwa ACT-Wazalendo, chama kilichosajiliwa mwaka mmoja tu nyuma, akawashinda CCM na wagombea wengine. Nchi nzima ACT ilipata jimbo hili moja. Ila na baraza la madiwani la Kigoma Ujiji likaenda ACT, na manispaa yetu ikaingia kwenye mpango wa kimataifa wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi, hadi Tanzania ilipojitoa 2017. Hatukuchagua mtu wa kukaa pembeni.

Karibuni. Anayeona nimekosea aniambie nimekosea wapi.

Mchangiaji, Segerea

Mkuu, umechagua mifano inayokufaa. Njoo Segerea tukuoneshe upande wa pili.

Mwaka 2015 UKAWA, ule umoja wa vyama vya upinzani, walikubaliana kila jimbo mgombea mmoja. Kwetu makubaliano yakashindikana: CUF wakamsimamisha Julius Mtatiro, CHADEMA wakamsimamisha Anatropia Theonest. Wote wawili walikuwa na watu. Aliyetangazwa ni Bonnah Kaluwa wa CCM. Mfumo wetu hauna duru ya pili kwenye ubunge. Anayeongoza hata kwa kura moja ndiye mbunge, hata kama waliomkataa ni wengi kuliko waliomtaka. Sasa wewe unataka tuongeze na wa tatu na wa nne?

Na kuna jambo hutaki kulitaja. Vyama vingine vidogo haviji kushinda. Havina ofisi, havina tawi, mgombea hamumjui hadi mnaona jina lake kwenye karatasi ya kura. Dhamana ya ubunge ilikuwa shilingi 50,000 na wadhamini 25. Ni nani atashindwa kumlipia mtu apunguze kura za mwenzake? Wewe ungekuwa na uchungu wa jimbo lako ungelifikiria hilo.

Mchangiaji, Wete, Pemba

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naona mjadala wa bara kwa bara, niruhusuni nami.

Sisi huku tulikuwa CUF damu. Chama kikubwa, chenye historia, chenye majeruhi na mayatima wake. Kilipoingia mgogoro na mahakama ikautambua uongozi wa Profesa Lipumba, Machi 2019 kiongozi wetu Maalim Seif akatwambia tushushe tanga, tupandishe tanga, safari iendelee. Tukahamia ACT, chama ambacho wakati ule kilikuwa na mbunge mmoja tu, huyo wa Kigoma. Usiku mmoja bendera zilibadilishwa mabarazani.

Uchaguzi wa 2020 ulikwenda kama ulivyokwenda, na maumivu yake tunayajua wenyewe. Lakini majimbo manne ya ACT yaliyoingia katika Bunge la Muungano yalitoka Pemba. CUF iliyokuwa na wabunge zaidi ya arubaini hivi leo iko wapi? Kwa hiyo ukubwa wa chama si jengo la makao makuu. Ni watu, na watu wanahama.

Hilo la wagombea wa kununuliwa ni kweli lipo. Lakini dawa yake si kuwafungia mlango wote.

Mchangiaji, Himo

Mimi ni mama wa biashara, siasa naifuata tangu ujana. Jimbo letu la Vunjo 2010 tulimpa marehemu Mzee Mrema kwa tiketi ya TLP. Mwaka 2015 tukampa James Mbatia wa NCCR. Vyama viwili vidogo mfululizo! Mleta mada atafurahi.

Lakini nisikilize, mwanangu. Tulichagua TLP? Hapana. Tulimchagua Mrema. Huyo huyo alishinda Temeke 1996 akiwa NCCR. Alipoondoka NCCR mwaka 1999, chama kilichopata majimbo 16 kwenye 1995 kikabaki na jimbo moja 2000. UDP ya Bariadi ilikuwa Mzee Cheyo, na 2015 alipoanguka, bungeni ikaisha. Hata hiyo ACT ya kwenu 2015 ilikuwa mtu mmoja mwenye jina alilolijenga akiwa CHADEMA kwa miaka kumi. Hoja yake ya mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, iliyofanya asimamishwe bungeni 2007, aliitoa akiwa CHADEMA.

Kwa hiyo usituambie chama kidogo kinafanya kazi. Sema mtu mwenye jina anaweza kushinda kwa chama chochote. Kijana wa kawaida wa kijijini kwetu, mwenye akili, asiye na jina, akigombea kwa chama kidogo ataambulia nini? Hilo ndilo swali langu.

Mchangiaji, Kasulu

Naomba nijibu swali la mama kwa niliyoyaona, maana nimewahi kuwa wakala wa mgombea wa chama kidogo.

Watu wanadhani kura zinapotea kwenye sanduku. Za kwetu zilipotea kwenye mawakala. Jimbo lina mamia ya vituo, kila kituo kinahitaji mtu aliyeapishwa mapema, afike kabla ya saa moja asubuhi, akae hadi kura zihesabiwe usiku, asaini fomu 21B ya matokeo ya ubunge na aondoke na nakala yake. Mtu huyo anahitaji nauli, chakula na simu yenye chaji. Vyama vikubwa vilikuwa na watu kila kituo. Sisi tulikuwa tumegawana: wengine walikaa kutwa nzima bila kula, jioni wakaenda nyumbani. Mimi nilibaki, fomu ya kituo changu ninayo. Ya kituo cha jirani hatuna. Mkisema matokeo yamebadilishwa, mahakamani utaonesha nini?

Kwa hiyo mama, kijana huyo asiye na jina akiwa na watu waaminifu kila kituo, ana nafasi. Asipokuwa nao, hata akipendwa vipi, haoni kilichotokea.

Mchangiaji, Segerea

Kaka wa Kasulu umenena. Lakini hapo hujatetea vyama vidogo, umeeleza kwa nini nguvu ziunganishwe. Na usisahau 2020 wagombea walienguliwa kwa mapingamizi kabla hata ya kufika kwenye mawakala. Waziri Mkuu alipita bila kupingwa Ruangwa. Kwenye mazingira hayo kujigawa ni anasa.

Mleta mada, Kigoma Mjini

Nimewasoma wote. Mama wa Himo, shikamoo. Wewe ndiye uliyenibana zaidi.

Kwanza Segerea. Pale waliogawana kura ni vyama viwili vikubwa vya upinzani vya wakati ule, tena ndani ya umoja mmoja. Chama kidogo hakikuwa na hatia. Kuunganisha nguvu naunga mkono, ila mezani kila mmoja aje na hesabu ya jimbo, siyo ukubwa wa jina. Mkubwa naye akubali kumwachia mdogo palipo na haki yake. Vunjo 2015 ilifanyika hivyo na ikazaa mbunge.

Pia hesabu ya kura haiishii jimboni. Viti maalum vya wanawake vinagawanywa kwa kura za ubunge za nchi nzima, kwa vyama vilivyofikisha angalau asilimia 5. Mwaka 2010 CUF ilikuwa na majimbo 24 na CHADEMA 23, lakini kwenye viti maalum CHADEMA ikapata 25 na CUF 10. Ile tofauti ilitoka wapi? Kwa maelfu ya watu waliompigia mgombea wa CHADEMA kwenye majimbo ambayo alishindwa! Kura ya aliyeshindwa ilimwingiza mama fulani bungeni. Ila chama kikikosa hiyo asilimia 5, kura hizo hazizai kitu, na hilo lilitukuta ACT 2015. Wanaotaka kuzuia kura zisipotee wapiganie kizingiti hicho kishuke, badala ya kumgombeza mpiga kura.

Sasa mama. Ni kweli, tulimchagua Zitto kabla ya kuichagua ACT. Lakini jiulize kwa nini mtu mwenye jina lake analazimika kutafuta chama chochote kile. Ibara ya 67 ya Katiba inamtaka mgombea awe mwanachama na apendekezwe na chama. Mchungaji Mtikila alilipinga hilo, Mahakama Kuu ikampa haki miaka ya tisini, Katiba ikabadilishwa. Akarudi, akashinda tena 2006, Mahakama ya Rufani ikatengua 2010. Akaenda Mahakama ya Afrika hapo Arusha, na Juni 2013 ikaamua kwamba Tanzania imevunja haki za raia wake. Hadi leo mgombea binafsi hayupo.

Halafu ukishaingia bungeni, ibara ya 71 inasema ukiacha kuwa mwanachama, ubunge umekwisha. Huyo Kafulila niliyemsifu, NCCR walimfukuza Desemba 2011, zaidi ya miaka miwili kabla ya Escrow. Kilichombakiza bungeni ni amri ya mahakama. Wana Kigoma Kusini walimpigia kura, wajumbe wa kikao cha chama wakataka kumwondoa. Na kinyume chake, wale wabunge 19 wa viti maalum waliofukuzwa na CHADEMA Novemba 2020 walibaki bungeni. Sheria ile ile.

Kijana wa Himo asiye na jina leo ana njia mbili: apange foleni kwenye kura za maoni za chama kikubwa ambako asiye na fedha hapiti, au achukue fomu ya chama kidogo aambiwe anapoteza kura za wenzake. Mimi nasema achukue fomu, mradi aanze miaka minne kabla, kwenye vikao vya mtaa na kwenye udiwani, na awe na watu wa kukaa vituoni kama alivyoeleza kaka wa Kasulu.

Mchangiaji, Himo

Marahaba. Hapo kwenye udiwani nakubaliana nawe. Kwetu diwani anajulikana kwa barabara ya kwenda sokoni, hakuna anayeuliza bendera. Ila hujanijibu: huyo kijana akishinda, akafika Dodoma, wakubwa wakamwita wakamwahidi cheo, nani atamzuia asituache? Kafulila mwenyewe baadaye yuko CCM.

Mleta mada, Kigoma Mjini

Hakuna atakayemzuia, mama. Dk. Kabourou aliyeijenga CHADEMA hapa Kigoma Mjini naye aliishia CCM, na wale waliohamia CCM 2017 na 2018 kwa maneno ya "kuunga mkono juhudi" za Rais Magufuli wengi walitoka vyama vikubwa. Akihama anapoteza kiti na uchaguzi unarudiwa. Ninachotaka sheria iongeze ni kwamba aliyehama kwa hiari asigombee tena jimbo hilo hadi kipindi kile kiishe. Wenye ujuzi wa sheria humu, je, hilo linaweza kusimama bila kuvunja haki yake ya kugombea?