Mnaoishi ndani ya magari: raha gani ilikukuta bila kuitegemea? Tupeane uzoefu

Mleta mada

Wakuu, habari zenu. Mimi ni nesi, mzaliwa wa Muheza, niko Marekani mwaka wa 19 huu. Tangu 2021 mimi na mzee wangu, yaani mume wangu, hatupangi nyumba. Tunaishi kwenye gari-nyumba (wenyewe huku wanaliita RV), lina kitanda, jiko, choo na meza moja. Nafanya kazi kwa mikataba ya wiki 13. Mkataba ukiisha tunang'oa nanga, tunaelekea hospitali nyingine, jimbo jingine. Wiki moja ni zamu tatu za saa 12, siku nne zinazobaki ni zangu.

Maswali ya barua na leseni niyajibu mapema tusipoteze muda. Tulilala South Dakota usiku mmoja, tukatunza risiti, tukafungua anwani kwenye ofisi ya kupokelea barua, tukawa wakazi wa huko. Leseni ya unesi ya jimbo lile inatambulika majimbo mengi. Basi.

Ninachotaka tuzungumze ni zile raha ambazo hukuziwaza siku unanunua gari. Mimi niliwaza milima na mbuga. Sikuwaza baraza.

Houston nimekaa miaka kumi na jirani wa ukuta mmoja, jina lake silijui mpaka leo. Januari ya kwanza ya maisha haya tukaenda Quartzsite, jangwani Arizona, kwenye ardhi ya serikali kuu. Kuna eneo pale unaruhusiwa kukaa kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15, na majira ya baridi wastaafu wanamiminika kutoka majimbo ya kaskazini na Kanada. Jioni ya pili nasikia mtu anagonga ubavuni mwa gari. Nafungua, bibi mmoja mweupe, mvi tupu, ameshika sahani imefunikwa kitambaa. Hakupiga simu kwanza wala kuomba miadi. Amekuja tu, kama mtu anayepiga hodi.

Wakuu, nilisimama pale mlangoni nikashindwa kusema. Nilikuwa sijagongewa hivyo kwa miaka.

Sahani ya watu hairudi tupu, sote tumelelewa hivyo. Kesho yake nikaipelekea mandazi. Siku ya tatu alikuja na mumewe na viti vyao vya kukunja, nikachemsha chai ya tangawizi kwenye sufuria kubwa. Wiki haijaisha, kila jua likizama kuna viti vinane mbele ya gari letu. Fundi bomba mstaafu, mwalimu, mjane mmoja anayezunguka na mbwa wake. Wanaongea mambo ya wajukuu, magoti, mafuta yamepanda. Hakuna anayeangalia saa. Nilikuwa nimekaa kibarazani kwa bibi yangu, ila badala ya minazi kuna miiba ya jangwa.

Na usiku wake! Taa za mji hazipo. Nikainua macho nikaona Kilimia, lile kundi la nyota, juu kabisa ya kichwa, kimefungamana vile vile. Babu alikuwa anakiangalia kujua lini alime, na alikuwa anatuimbia: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Houston kwa mataa yale sikuwahi hata kukitafuta. Nikamwamsha mzee wangu, tukakaa nje na blanketi hadi tukashindwa na baridi.

Karibuni. Hata kama gari lako si la kifahari, hata kama ni la kazi.

Mdau, dereva, Dar–Lubumbashi

Dada shikamoo. Mimi kitanda changu kiko nyuma ya usukani, miaka 11 sasa, kwa hiyo naona mada inanihusu.

Mikumi alfajiri kila mtu atakwambia, barabara inapita katikati ya hifadhi, tembo wanavuka wewe umesimama. Na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, nikipita nashusha gunia la nyumbani. Hizo nilizitegemea.

Ambayo sikuitegemea ni foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Sisemi foleni ni nzuri, inakula posho na inachosha. Safari moja tulikaa siku tisa. Nikiwa daladala Dar nilikuwa natoka saa kumi usiku narudi saa tano, binti yangu namkuta amelala. Kwenye foleni ile akawa ananipigia jioni, ananisomea hesabu za darasa la sita. Sehemu zilikuwa zinampiga chenga. Nami nimeishia la saba, ikabidi nizikumbuke. Nachora mstari kwenye vumbi la kioo cha lori, naukata vipande, napiga picha namtumia. Yeye anachora kwenye daftari. Utingo wangu akaingia, dereva wa lori la mbele naye akaja na kalamu. Siku ya tisa tunafunguliwa njia, yule binti anajumlisha sehemu zenye asili tofauti bila kuuliza.

Sasa yuko kidato cha pili. Kila nikikaribia Tunduma ananiuliza, baba kuna foleni?

Mdau, Ujerumani (kwetu Mombasa)

Yangu ni ndogo. Sisi twatoka wikendi na likizo pekee, si mwaka mzima. Huku miji midogo mingi ina maegesho ya magari haya, waita Stellplatz. Usiku mmoja tuko kando ya mto Mosel, mvua ikaanza kupiga paa. Nyumba za huku mvua huisikii, waiona dirishani tu. Nililala usingizi wa Majengo, wa chini ya mabati. Mume wangu alidhani naumwa, kumbe nalia.

Mdau

Dada mleta mada, swali: maji mnapata wapi? Mimi bila kuoga mara mbili siendi popote.

Mleta mada

@Dereva, marahaba mdogo wangu. Hiyo habari ya kioo chenye vumbi nimemsomea mzee wangu kwa sauti. Mpe binti salamu.

@Mombasa, pole na hongera kwa pamoja.

Maji: tangi letu ni kama lita 150. Sikudhani ningesema hivi, ila nayo imekuwa raha. Unajilowesha, unafunga, unajisugua, unajisuuza. Vyombo kwenye beseni, maji ya kusuuzia ndiyo ya kuoshea vinavyofuata. Mikono yangu ilikuwa inajua, maana nimekua na mtungi na kata. Mzee wangu kazaliwa Dar na bomba, ilibidi nimfundishe. Tunamaliza siku saba hadi nane.

Nyingine nimeikumbuka. Fort Morgan, Colorado, mji mdogo wenye kiwanda cha nyama, tulisimama kununua mkate. Duka la pembeni lina kanga dirishani. Naingia, kijana wa Kisomali ananitazama nguo, ananiambia kwa Kiswahili kilichonyooka, "Karibu mama, chai ipo." Amekulia Kakuma, kambi ya wakimbizi Kenya. Tulikuja kununua mkate, tukaondoka saa mbili baadaye na unga wa ugali, kisamvu cha barafu na kahawa chungu ya bure. Tangu siku hiyo, kila mji wenye kiwanda cha nyama natafuta duka la namna hiyo, na mara nyingi lipo.

Mkataba unaofuata ni Kearney, Nebraska, naanza wiki ya kwanza ya Machi. Kuna anayepajua?

Mdau, dereva wa trela, Iowa (mtu wa Bukavu)

Mama, napita pale kwa barabara kuu ya I-80 kila wiki. Umebahatika na mwezi. Machi korongo wanashuka mto Platte kwa malaki, wanapumzika kabla ya kuendelea kaskazini. Mimi nilikuwa nawaona mashambani kutoka barabarani, nadhani ni kondoo wa kijivu. Mwaka juzi theluji ilifunga njia, nikalala pale, nikaamka na sauti kama ya soko lote limeamka pamoja.

Wanalala ndani ya maji ya kina kifupi. Usiende mchana, mchana wako mashambani wanaokota mahindi. Kuna daraja la waenda kwa miguu karibu na Fort Kearny. Fika bado giza, zima taa za gari mapema, chukua blanketi mbili, maana upepo wa pale unapenya koti. Usiongee. Utawasikia muda mrefu kabla hujawaona.