Kilo nne za mchele kwa wageni mia, na bado mpishi ndiye mwizi?!

MamaSufuria_Lanet

Mnamjua. Simtaji, kwa sababu akitajwa ataongeza bei ya ile karatasi yake ya bajeti. Yule mpangaji wa harusi, wa suti ya kijani na meno mengi. Jana saa mbili usiku ameingia mubashara, nusu ya Nakuru imemtolea macho, akainua kikombe cha chai kimejaa mchele, akatabasamu, akasema: "Kilo nne zinatosha wageni mia. Mpishi akikuitisha zaidi, jua hizo zingine zinaingia kwa kiondo chake."

KIONDO CHAKE.

Kilo nne, jamani! Ukihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, gumba linabaki bila kazi. Gawa kwa mia moja: gramu 40 za mchele mkavu kwa kila mtu. Ukiiva ni kama gramu 120, yaani mwiko mmoja usiojaa. Huo ni wali wa kumwonjesha mtoto aone kama una chumvi.

Kilo moja ya mchele hulisha watu saba au wanane, na hapo kuna chapati na viazi pembeni. Kwa watu mia nunua kilo 13. Nyama ya ng'ombe yenye mifupa, kilo moja kwa watu watano au sita, kwa hiyo 18 hadi 20, maana ikiiva hupungua karibu theluthi. Yeye ameandika nyama kilo 8. Kilo nane ni mchuzi wenye fununu ya ng'ombe.

Na hizo kilo 13 huwezi kuzitupa kwa sufuria moja ukaenda kusuka nywele. Za chini zitaungua na za juu zitakuwa bado zinalia kama changarawe. Gawa sufuria mbili. Usichukue kile kipimo cha nyumbani cha kikombe kimoja kwa viwili vya maji ukakizidisha mara thelathini, kwa sababu maji hupotelea usoni mwa sufuria, na uso haukui kwa kasi ya mchele uliomo ndani. Ukizidisha tu, unapakua uji. Anza na maji moja na nusu kwa mchele mmoja, weka maji ya moto pembeni ya kuongezea, na maji yakikauka funika, panga makaa juu ya kifuniko, punguza moto wa chini. Hayo kwa karatasi yake hayapo. Kilichopo ni kiondo.

Na maharagwe je? Ameandika "chemsha saa moja". Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, maji huku huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100. Maharagwe makavu ambayo hayakulowekwa usiku kucha yatakutazama saa tatu nzima. Ile saa moja ameitoa kwa orodha ya watu wa pwani ya huko ng'ambo, kama alivyotoa zile chupa za jamu za mapambo na marobota ya nyasi ya kukalia.

Lakini hata hayo ningemsamehe. Kiondo? Mbele ya wateja? Na lile tabasamu?

Kondele_Ndani

Mama, pole sana. Swali dogo tu la kitaalamu: kiondo chenyewe ni saizi gani? Nataka kujua kama zile kilo tisa zinaingia zote ama zinapigwa safari mbili.

Mzee_wa_Njoro

Mmemwachia marobota hivi hivi? Amesema wageni waketi juu ya marobota ya nyasi "kuokoa pesa za viti". Robota la nyasi za boma rhodes lina bei kuliko kukodi kiti cha plastiki siku nzima, na ng'ombe hali kiti cha plastiki. Nyasi kavu hupenya suruali ya suti, wadudu huwa ndani, na kamba ya robota ikikatika, shangazi anakaa chini polepole mbele ya umati. Kama lazima uweke, weka mawili mlangoni ya kupigia picha, yatandike leso, jioni uyauze kwa mwenye maziwa.

MamaSufuria_Lanet

Asante mzee. @Kondele nitakujibu nikishapoa. KILO NNE.

Katibu_wa_Kamati

Hiyo karatasi nimeifungua kwa kompyuta na kosa lake linaonekana wazi. Idadi ya wageni imeandikwa kwa mkono katika kila mstari. Ukibadilisha 100 kuwa 180 pale juu, viti vinabaki 100, soda zinabaki kreti nne, mchele unabaki zile nne zenu. Hakuna hesabu humo, ni picha ya hesabu.

Karatasi ya maana unaitengeneza bure kwa Google Sheets. Idadi ya wageni ikae kwa kisanduku kimoja tu cha karatasi, tuseme B1. Mstari wa mchele unaandika =$B$1*0.13, wa nyama =$B$1*0.2, wa soda =$B$1/24 halafu unapandisha hadi kreti nzima, kwa sababu kreti ni chupa 24 na hakuna anayeuza kreti na kipande. Watu mia ni kreti tano, wala si nne. Safu ziwe makadirio, bei mliyokubaliana, kilicholipwa, baki, na tarehe ya mwisho ya kulipa. Ahadi za michango zikae ukurasa wao peke yao, msizijumlishe na pesa zilizoingia. Hapo ndipo kamati nyingi hulia wiki ya mwisho. Mtu ameahidi elfu kumi mbele ya emsii, ikifika Alhamisi simu yake iko Uganda.

Na kiungo mkiwatumia kamati, wapeni ruhusa ya kutazama tu. Ukimpa kila mtu ruhusa ya kuhariri, kuna mjomba atafuta safu nzima kwa kidole gumba akitafuta mahali pa kuandika "Amina".

Shemeji_wa_Bungoma

Katibu umeongea vizuri lakini fomu ya wageni umeisahau. Usiulize "Je, utakuja?" Uliza "Mtakuja wangapi?" Huku kwetu "nitakuja" ni nomino ya wingi.

Mgeni_Asiyealikwa

Naona tunaanza kutajana.

FundiTenti

Nyinyi mnalia juu ya mchele, je, sisi wa tenti? Huyo huyo ameandika "tenti moja ya watu 100". Hiyo mia ni ya viti vilivyopangwa kwa mistari kama kanisani, magoti kwa mgongo wa mwenzako. Ukiweka meza za duara za watu kumi, na nafasi ya mpakuzi kupita, tenti hiyo inabeba 60 hivi. Halafu siku ya harusi meza nne ziko juani na mtu wa kulaumiwa ni fundi.

Kisumu nayo usichezee. Mvua ya kutoka ziwani hupenda kuja alasiri, wakati ule ule mnakata keki. Kule nyanda za Kano, nje ya Kisumu, udongo ni ule mweusi wa pamba: asubuhi umekauka kama tofali, unapiga vigingi kwa nyundo mpaka mkono unakufa, saa tisa umelowa, kigingi kinatoka kama jino la mtoto. Funga kila mguu wa tenti kwa jerikani mbili za lita 20 zilizojaa maji. Hizo ni kilo 40 kila mguu, na kukopa jerikani kwa majirani ni bure. Chimba mtaro wa kiganja kimoja upande wa juu wa mteremko kabla hujashusha viti. Ukichimba mvua ikiwa imeanza, unachimba supu.

KekiNaJua

FundiTenti, umetaja kukata keki, ngoja na mimi niseme. Ati jamaa anashauri keki ya ghorofa tano yenye krimu ya siagi, Kisumu, nje, kuanzia asubuhi! Siagi huanza kulegea kabla joto halijafika nyuzi 30. Saa saba ghorofa ya juu inainama kama mzee anayesinzia kwa ibada. Ukitaka krimu isimame, nusu ya siagi ibadilishe na mafuta magumu ya kupikia, na keki itolewe ndani saa moja tu kabla ya kukatwa. Ile iliyofunikwa kwa sukari ya kukandwa (fondant) usiiweke kwa friji, maana ikitoka kwenye baridi na kukutana na unyevu wa ziwa inatoka jasho na kunata.

Na kama pesa ni kidogo, ghorofa mbili za chini ziwe keki, tatu za juu ziwe maboksi yaliyopakwa krimu. Jikoni nyuma weka keki za trei, hakuna mapambo, zikatwe kwa rula. Kilo moja inatoa vipande kama 12 vya harusi. Hakuna mgeni aliyewahi kuomba kuona cheti cha kuzaliwa cha kipande chake.

Kondele_Ndani

Maboksi!! Halafu mnasema jamaa wa suti ndiye tapeli 😂😂

MamaSufuria_Lanet

Hebu turudi kwa kiondo tafadhali. Mtu ametuita wezi na nyinyi mko kwa maboksi.

Mwalimu_Hesabu

Kwa haki tu: ukiwa na chapati 150 (hizo ni paketi saba za unga za kilo mbili, paketi ikitoa 20 hadi 24), mukimo na ndizi, mchele kilo 10 unaweza kutosha.

MamaSufuria_Lanet

Kilo kumi si kilo nne, mwalimu! Na hizo chapati 150 zitapikwa na nani? Kikaango kimoja, dakika mbili kwa chapati, ni saa tano bila kwenda haja. Unahitaji majiko matatu na watu sita, wanaosukuma na wanaopindua. Au hao nao watakuja na viondo?

Shemeji_wa_Bungoma

Mnajitesa bure. Ukitaka harusi ya bei nafuu, toa chakula cha mchana kabisa. Kadi iandikwe "saa tisa alasiri", watu wawe wamekula kwao. Chai ya watu mia ni lita 20: maziwa 10, maji 10, majani gramu 200, sukari kilo mbili. Mandazi mawili kila mtu, nduma, njugu karanga. Mapambo ni bure: migomba minne kwa lango, ichimbiwe futi moja chini, ikatwe asubuhi hiyo hiyo maana jana yake majani yanachanika na kulala. Meza tandika leso, katikati nyungu ndogo zenye mafunjo. Bugenvilia ya kwa jirani achana nayo, ikikatwa inanyauka kabla bibi harusi hajafika. Waridi la Naivasha ni sawa, ila msioe Februari. Wiki ya Valentino maua yote yako kwa ndege na yaliyobaki yana bei ya ardhi.

Katibu_wa_Kamati

Na huyo jamaa asiwadanganye tena kwamba mnaweza kuingia kwa msajili Ijumaa mkatoka mmeoana Jumamosi. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka notisi isiyopungua siku 21 na isiyozidi miezi mitatu. Ukikosa leseni maalumu, hiyo Jumamosi yako ni sherehe ya siku ya kuzaliwa.

Lurambi_Kabisa

Shemeji, harusi ya chai na mandazi? Huku Kakamega? Na kuku? Wazee watarudi nyumbani wakiwa na ujumbe, na ujumbe huo utasomwa kwa vizazi vitatu.

Shemeji_wa_Bungoma

Kuku wawe kumi kwa meza ya wazee pekee. Kuku mmoja wa kienyeji vipande nane.

Lurambi_Kabisa

Kuku kumi ni imondo kumi, yaani firigisi za wazee. Wazee ni kumi na wanne. Hujapanga harusi hapo, umepanga kesi.

FundiTenti

Ikatwe nusu.

Lurambi_Kabisa

IMONDO IKATWE NUSU? Nani amemruhusu huyu kuongea?

MamaSufuria_Lanet

Imondo haikatwi. Nunua kumi na nne za ziada kwa mwenye machinjio ya kuku, zichemshe peke yake dakika 40 ndipo uziunge kwa mchuzi, kwa sababu kuku wakiwa wa gredi, ukiziweka pamoja nyama itasambaratika kabla imondo haijalainika. Zihesabiwe zikiingia kwa sufuria na zihesabiwe zikitoka.

Kondele_Ndani

Zihesabiwe na nani?

MamaSufuria_Lanet

Na mpishi, nani mwingine?

Kondele_Ndani

Sawa. Sijasema kitu.

Lurambi_Kabisa

Kumi za kuku na kumi na nne za ziada ni ishirini na nne. Wazee kumi na wanne. Kumi zinaenda wapi?

KekiNaJua

😂😂😂 Mimi nimelala.

FundiTenti

Kuna mtu ana jerikani za kuazima pale Mamboleo, Kisumu? Nina kazi Jumamosi, nahitaji kumi na sita. Zisiwe zimebeba mafuta ya taa.

Mgeni_Asiyealikwa

Hiyo ya Jumamosi ni Mamboleo upande gani hasa? Na ni ya chai ama ni ya kuku?