Mrejesho: lori linalokunywa maji na kutoa moshi mweupe

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kuhusu lori la mzee, dizeli ya zamani inayobeba dagaa kutoka soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza: rejeta inapungua maji, chini pakavu, moshi mweupe hauishi hata injini ikipata moto. Wengi mlisema gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kifuniko chake cha juu, hedi), mmoja akataja nozeli (zinazopulizia dizeli ndani ya silinda). Mlisema ninuse harufu tamu ya kulanti, yaani dawa ya kupozea injini inayowekwa kwenye rejeta. Sasa mzee alikuwa anajaza maji ya ziwani, utamu utoke wapi?

Fundi wa Nyakato hakukimbilia kufungua. Injini ikiwa baridi, alifunga pampu ya presha mdomoni mwa rejeta. Mshale wa presha ukashuka taratibu, nje hakuna tone, kwa hiyo maji yanavujia ndani. Akachomoa nozeli zote ndipo akapiga starta, maana maji hayabanwi, yangeweza kupinda koneksheni rodi, chuma kinachoshika pistoni. Silinda ya tatu ikarusha maji! Oili haikuwa na rangi ya maziwa, dalili kwamba haikuchanganyika na maji.

Gasketi ilikuwa imeungua, na hedi imepinda. Tumeichonga, ikapimwa nyufa, haina. Moshi mweupe kwisha. Mweusi kidogo bado upo likipanda na mzigo, lakini huo tutauanzia kwenye nozeli na chujio la hewa. Na mzee sasa ananunua kulanti, kwa kunung'unika.