Mjadala: Mgeni wa begi mgongoni Mtwara, tumtoze bei ya mwenyeji au bei ya mgeni?

Mwenye mada

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, hili limenikaa rohoni tangu Jumamosi. Basi la usiku kutoka Dar lilitushusha stendi alfajiri, na kati yetu alikuwamo kijana mmoja wa Kizungu mwenye begi lililompita kichwa. Akaulizia bajaji ya Shangani, akaambiwa elfu kumi. Mimi nilikuwa nimeshakubaliana elfu mbili, kwenda hukohuko. Yule kijana akatoa kidaftari mfukoni, akaandika kitu, akafunga mikanda ya begi na kuanza kutembea. Nilimwita tupande wote. Njiani akanionyesha kidaftari: alikuwa amepanga kukaa Mtwara siku tano, akazikata zikawa mbili. Nilikiona kile kistari cha kalamu kwa macho yangu.

Msimamo wangu ni bei moja, iandikwe ukutani kila mtu aisome. Mgeni wa namna hii halali kwenye hoteli yenye bwawa. Analala gesti, anakunywa chai na chapati kwa mama ntilie, anapanda daladala kwenda Mikindani kuliona Boma la Wajerumani la mwaka 1895, anarudi na korosho za kukaanga za yule dada wa barabarani. Fedha yake haipiti kwa wakala wa Arusha wala wa Ulaya. Inaingia mkononi mwa jirani yako siku hiyohiyo.

Tena wageni wetu ni wa kuhesabu. Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 550. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa kivuko, na masika yakichachamaa kusini tulikuwa kisiwani. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ilikatika tena upande wa Somanga. Aliyefika huku kwa basi ametutafuta kweli.

Dereva wa bajaji, Mtwara mjini

Kaka, umesema ya mgeni, sasa sikiliza na yetu. Chombo si changu. Jioni mwenye chombo anataka hesabu yake, niwe nimepata abiria au sikupata. Mafuta juu yangu, pancha juu yangu. Elfu kumi ni bei ya kuanzia, angesema tatu tungeelewana kwenye nne. Kupatana bei ni desturi yetu, hata kanga sokoni tunapatana. Na mbona serikali yenyewe ina bei mbili? Nenda Hifadhi ya Bahari ya Mnazi Bay, raia ana kiingilio chake na mgeni chake, cha mgeni kiko juu. Wakitoza wao ni sheria, nikitoza mimi ni wizi?

Mwenye gesti, Mikindani

Mimi bei nimeandika kwa chaki ubaoni, chumba na chakula. Wali wa nazi na changu wa kukaanga ni bei ileile, awe mwalimu wa hapa au Mjerumani. Mwaka jana alikuja binti mmoja akalala siku tatu. Baada ya miezi miwili wakaja wawili, wananiulizia mimi kwa jina, yeye ndiye aliyewaelekeza. Tangazo la namna hiyo ningelilipia wapi?

Kijana wa Lindi

Si Wazungu tu. Mimi nikishuka Mtwara nikaongea kwa lafudhi ya Dar, natajiwa bei ya mgeni. Bei ziandikwe.

Mchongaji

Naunga mkono, lakini na hao wageni waambiwe. Mpingo hauchongeki kwa siku moja. Nimekaa na kinyago wiki mbili, patasi imenitoboa kiganja, halafu mtu anatoa bei isiyofika hata gharama ya gogo, kwa kuwa amesikia Afrika ni lazima kupunguziwa. Bei ikiandikwa, inibane mimi na imbane yeye.

Mwenye mada

Mchongaji, hapo umenifungua macho. Mimi nilimfikiria mgeni peke yake.

Dereva, hesabu ya jioni naijua, kaka yangu aliendesha bajaji ya mtu miaka minne. Lakini kiingilio cha Mnazi Bay kinajulikana kabla hujafika na unapewa risiti. Mgeni anakipanga kwenye daftari lake tangu nyumbani. Bei yako hakuipanga, kwa hiyo anaikimbia, na wewe unabaki na kiti kitupu huku hesabu ikikungoja. Kupatana kunataka mtu anayejua pa kuanzia. Yule kijana hakujua kwamba tatu inasemeka.

Sisemi bei iwe ya chini. Madereva wenyewe mkae, mpige hesabu ya mafuta, mseme stendi hadi Shangani ni kiasi gani, hadi Mikindani ni kiasi gani, usiku kiasi gani. Kama ni elfu tatu kwa kila mtu, na mimi nitalipa elfu tatu. Ubao na rangi nitanunua mimi. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa pale mnapoegesha. Nani atanitajia bei ya kwanza ya kuandika?