MJADALA: Ugali wa sembe ni chakula chetu cha asili au tumejibandika?

Mleta Mada

Wanajamvi, salaam. Nina dukuduku, mtaniwia radhi likiwa refu.

Wiki iliyopita shule anakosoma binti yangu ilikuwa na siku ya vyakula vya asili. Kila mzazi alete sahani moja. Nikasonga ugali wa sembe, nikaunga dagaa kwa karanga, nikafunika na kawa. Mlangoni mwalimu wa zamu akafunua, akatabasamu, akaniambia, "Mama, huu si wa asili. Mahindi yameletwa na Wazungu." Basi nikasimama pembeni na kawa langu. Nyuma yangu alikuwepo mzazi mwenye makande. Yake yakapokelewa na kuwekwa meza ya mbele.

Sasa nauliza, makande ni nini kama si mahindi na maharage? Na haya maharage tunayopimiwa kwa kilo sokoni nayo yametoka Amerika. Sufuria nzima ile imevuka Atlantiki! Karanga niliyoungia dagaa ni ya Amerika Kusini. Nyanya, pilipili kali, muhogo, viazi vitamu, papai, nanasi, korosho, vyote kwao ni huko huko. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliandika kuwa wenyeji wanakula ndizi na samaki, na nafaka wanaletewa kutoka nje ya kisiwa. Mogadishu alikirimiwa wali wa samli. Muhindi haumo katika habari zake kwa sababu haukuwapo. Columbus alikuja kuufikia kule ng'ambo mwaka 1492.

Msimamo wangu ni huu: muhindi ni mgeni, ugali ni wa kwetu. Ugali ni namna ya kupika. Maji yachemke, unga uingie, mwiko ufanye kazi. Bibi zetu walisonga wa mtama, wa uwele na wa ulezi karne nyingi kabla Mreno hajatia nanga pwani. Muhindi ulipokuja ulikuta chungu kiko mafigani tayari. Waitaliano wa kaskazini wana historia hiyo hiyo. Polenta yao zamani ilipikwa kwa nafaka ndogo ndogo na hata unga wa chestnut, kisha muhindi ukaingia, nafaka ikabadilika, jina likabaki. Mwambie leo mtu wa kule kuwa polenta si yao, uone utakavyotolewa mbio.

Naomba kuwasilisha.

Mgogo wa Mjini

Mkuu, mwalimu alikuonea, ila mimi ningekuwa mlangoni ningekurudisha vilevile, kwa sababu nyingine. Umesema ugali ni wetu, sawa. Sembe ni yetu tangu lini? Bibi yangu alikuwa anatwanga uwele kwenye kinu, anapepeta, anasaga kwa jiwe. Unga mweupe kama chokaa umekuja na mashine.

Nimelelewa Dodoma, nimeamia ndege mpaka sauti ikakauka. Asiyejua kuamia ndege ni nini hawezi kuelewa kwa nini mtama ulishindwa. Kweleakwelea wanakuja kundi linaloziba jua, na suke la mtama liko wazi, halina kinga. Mtoto anaamka kabla ya alfajiri, anapanda dungu na kombeo lake, anapiga kelele mpaka magharibi, wiki nzima, mwezi mzima. Muhindi umezaliwa na koti. Watoto walipoanza kwenda shule nani abaki shambani? Watu wakapanda muhindi hata kwenye ardhi isiyoutaka, mvua ikikata mwezi mmoja unabaki na mabua.

Kwa hiyo msituambie kuwa mtama ulikuwa mchungu ndiyo maana watu wakauacha. Ulikosa wa kuulinda.

Mwana Trans Nzoia

Huku kwetu Kenya mtu akila wali na chapati nne atakwambia hajala, anangoja ugali. Kama hicho si chakula cha asili, neno asili lina kazi gani?

Mimi ni mkulima, wacha niongeze kitu ambacho ninyi ndugu zetu wa Bara hamkitaji. Muhindi tunaoujua leo si ule wa Mreno. Ule wa zamani ulikuwa wa rangi rangi, mgumu, wengine mwekundu. Walowezi ndio walioleta mbegu nyeupe kutoka Afrika Kusini. Halafu mwaka 1964 hapa Kitale ikatoka H611, mbegu chotara. Mzazi mmoja alikuwa muhindi wa Kitale, mwingine umetoka nyanda za juu za Ecuador. Babangu alisema mwaka wa kwanza majirani walikuja kusimama kwenye ua wa shamba kutazama tu.

Kwa hiyo ndiyo, ni mgeni, na alikuja mara mbili tatu kwa milango tofauti. Lakini aliyemchanganya, akampalilia na kumfanya awe vile alivyo ni mkulima wa hapa. Wamalawi hawakungoja mwalimu wa zamu: nsima yao iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni mwaka 2017. Sisi tunabishana mlangoni.

Mgogo wa Mjini

Mwana Trans Nzoia, umesahau kusema aliyefuata baada ya H611. Viwavijeshi vamizi, mwaka 2017 walikuwa wameshaingia Kenya na Tanzania, na wao kwao ni Amerika. Mdudu kafuata chakula chake, kachelewa karne nne tu.

Mpemba Halisi

Hilo la mwalimu kusema "Wazungu" linanichekesha, maana jina lenyewe linasema mahindi, mambo ya Hindi. Wazee wetu waliona kimeshushwa jahazini na watu wa upande ule wakakiita hivyo. Waturuki wanauita muhindi *mısır*, yaani Misri. Wamisri nao wanasema *dhura shamiyya*, mtama wa Sham. Waitaliano wanasema *granoturco*, nafaka ya Kituruki. Kila mmoja anamtaja jirani, na mwenyewe yuko Mexico, ambako watu waliutoa kwenye nyasi moja ya porini kama miaka 9,000 iliyopita. Hakuna aliyemtaja.

Na sisi watu wa visiwani tusijione tumepona kwa kuwa tunakula wali. Waliochimba magofu ya Pemba wamekuta kuwa wakazi wa mwanzo walikula uwele zaidi, mpunga ukaja kutawala baadaye, kuanzia karne ya 11 hivi. Mpunga wenyewe ni wa Asia. Leo ukimwekea Mpemba uwele atakuuliza kuku wako wapi.

Lakini safari haikuwa ya upande mmoja. Ulezi umetoka nyanda za juu za Afrika Mashariki, ukafika Bara Hindi maelfu ya miaka iliyopita. Jimbo la Karnataka wanausonga, wanaufanya tonge kubwa la duara, wanakula kwa mkono na mchuzi. Wanaita *ragi mudde*. Nimeula kwa mwenyeji wangu nilipokwenda kumuuguza baba huko. Nikamwambia huu ni ugali. Akakataa katakata, akasema ni chakula cha asili cha kwao tangu mababu. Nikanyamaza, nilikuwa mgeni.

Mzee wa Mkonge

Wanangu, mnazungumza kama vile watu walichagua. Mimi nimezaliwa kambi ya mkonge, Tanga. Baba alikuja manamba kutoka kusini. Kwao walikula mtama na muhogo. Kambini alipimiwa unga wa mahindi, maharage na chumvi, basi. Hiyo ndiyo iliitwa posho. Shamba la mkonge, reli, mgodi, jela, jeshi, shule ya bweni, kote ulikopimiwa chakula ulipimiwa mahindi, kwa sababu yanabebeka, yanahesabika, na ni rahisi. Mtu akikaa kambini miaka 10 akirudi kwao na mke aliyemwoa huko, watoto wanajua ugali mmoja tu. Ndugu zetu Waganda mpaka leo ugali wanauita posho. Kwetu Tanzania posho imehamia kwenye vikao.

Halafu kuna jambo la rangi. Miaka ya 1970 tulipopata njaa tuliletewa msaada wa mahindi ya njano kutoka Marekani. Tuliyaita unga wa Yanga. Watu walikuwa na njaa na bado wananung'unika, wanasema hiki chakula cha ng'ombe. Sisi ambao baba zetu walikula ugali mweusi wa mtama!

Mleta Mada

Shikamoo mzee wetu. Hilo la posho sikulifikiria kabisa, na limenipunguzia nguvu kidogo.

Mzee wa Mkonge

Marahaba mwanangu. Dagaa wako wa karanga alikuwa sahihi, usijali.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Niko kazini, nitaandika kwa vipande. Mzee amegusa dagaa, na mimi nadhani hapo ndipo mjadala ulipo, si kwenye pasi ya kusafiria ya muhindi.

Watu wa Mexico hawali muhindi kama tunavyoula. Wanauchemsha na chokaa au majivu, wanaulaza usiku kucha, wanauosha, ganda linatoka, ndipo wanasaga. Sababu ni kwamba vitamini iitwayo niasini imefungwa ndani ya punje, tumbo haliwezi kuitoa. Chokaa ndiyo inayoifungua. Wao walijua kwa uzoefu tu. Wazungu walipochukua mbegu hawakuchukua chokaa. Matokeo yake maskini wa Hispania na wa Italia kaskazini, hao hao wa polenta ya mleta mada, wakaanza kuugua. Daktari Gaspar Casal aliueleza ugonjwa huo huko Asturias mwaka 1735. Ngozi inababuka penye jua, shingoni unaona kama mkufu, mtu anaharisha, anachanganyikiwa, anakufa. Ndio pelagra. Ulitesa Marekani ya kusini mpaka karne ya 20, na Joseph Goldberger alipata taabu kubwa kuwashawishi watu kuwa si wa kuambukiza, ni wa sahani.

Na mtu asidhani ni habari za Ulaya tu. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipatwa na pelagra, zaidi ya watu 18,000. Walikuwa wanagawiwa mahindi, kisha karanga zikakosekana kwenye mgao. Karanga tu.

Nimerudi. Kwa hiyo kilichotuokoa sisi miaka yote hii ni mboga. Dagaa, maharage, karanga, kunde, maziwa. Mwenye ugali na mboga ya maana hapati shida hiyo. Mwenye ugali na chumvi, au ugali na mchuzi wa nyanya moja, huyo ndiye naletewa. Na sembe inazidisha, kwa kuwa tukikoboa tunatupa ganda na kiini, tunabaki na wanga. Wenye mashine wanaipenda kwa sababu kiini kina mafuta, dona inachacha upesi, sembe inakaa dukani. Yale mahindi ya njano mliyoyatukana yana rangi hiyo kwa sababu ya viini vya vitamini A. Nyeupe haina.

Mwana Trans Nzoia

Dada, bibi yangu alikuwa akichemsha mahindi na maharage kwa magadi. Hiyo si ndiyo chokaa yetu?

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Magadi mnatia kidogo ili maharage yaive upesi, kuni zisiishe. Si kulaza usiku kucha. Na punje zinazokwenda mashineni kuwa sembe hazipiti kwenye magadi hata dakika moja. Ila kama bibi alikuwa anapika makande hivyo na anayala na mboga za majani, mwache bibi.

Mgogo wa Mjini

Basi nimeshinda. Turudi kwenye uwele.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Hujashinda. Uwele wako ukihifadhiwa na unyevu nao unaota kuvu kama muhindi, ingawa muhindi una rekodi mbaya zaidi. Mwaka 2004 Ukambani sumukuvu iliua watu 125 kati ya 317 waliougua, na 2016 huko kwenu Dodoma na Manyara wakafa 20. Mahindi ya nyumbani yale, waliyoyavuna wenyewe. Ninachosema mimi ni kwamba tulipokea nafaka bila maelekezo yake, na ile tuliyokuwa na maelekezo yake tukaiacha.

Mpemba Halisi

Sasa mwalimu wa zamu afanyeje? Akatae muhindi, akatae mpunga, akatae ndizi maana nazo ni za Asia ya kusini-mashariki, abaki na mtama, ulezi, uwele, kunde na njugu mawe? Watoto watarudi nyumbani na njaa.

Mleta Mada

Nawajibu wote kwa pamoja. Nimemfuata mwalimu, tukaongea vizuri tu, akaniweka kwenye kamati ya mwakani. Nimependekeza kila sahani iandikiwe karatasi: nafaka imetoka wapi, nani kakufundisha kupika, unakula na mboga gani. Hakuna kurudishwa mlangoni. Ameniambia atafikiria hilo la mboga.

Jana nikanunua unga wa mtama kwa ajili ya kujaribu, maana Mgogo amenisema sana. Nikasonga, ukatoka wa kijivu chenye wekundu, harufu nzuri. Nikaweka na mlenda. Binti yangu akautazama, akazungusha sahani, akaniuliza, "Mama, huu ugali mbona umechafuka?"

Mgogo wa Mjini

Mwambie aje Dodoma nimpandishe dungu.