Kikundi cha Ukoo: Jumapili Jioni

Baba Mkubwa: Bwana Yesu asifiwe wanaukoo. Baraza la wazee limekaa leo baada ya ibada. Binti yetu atarudi kundini Jumapili ijayo, atasimama mbele kama utaratibu ulivyo. Tufike wote.

Mama Upendo: Amina.

Shangazi Eli: Shikamoo kaka. Na yule mwanakwaya wa besi, naye atasimama?

Baba Mkubwa: Marahaba. Yule hajakiri. Baraza halitengi mtu kwa maneno ya mtaani.

Shangazi Eli: Mtoto ana miezi minne, wamefanana mpaka masikio!

Anko Jose: 😂😂

Baba Mkubwa: Jose, hapa si kijiweni.

Mwl. Daudi: Samahanini wakubwa. Binti alikuwa kidato cha tatu. Tangu 2016 Sheria ya Elimu iko wazi, ukimpa mimba mwanafunzi ni jela miaka 30. Hili si la baraza wala la kikao cha ukoo.

Baba Mkubwa: Wenzetu walikuja na mbuzi, tukaelewana. Mkristo hampeleki ndugu mahakamani. 1 Wakorintho 6.

Shangazi Eli: Hapohapo Paulo anataja hukumu zilizo ndogo. Hili ni dogo?

Bibi (simu ya Rehema): Naandikiwa hapa. Someni Mwanzo 38. Yuda aliamuru Tamari ateketezwe kwa sababu ya mimba. Tamari akatoa mhuri, kamba na fimbo, vyote vya Yuda mwenyewe. Yuda akakiri kuwa yule mwanamke ana haki kuliko yeye. Sasa nyie, fimbo mmeiulizia wapi?

Baba Mkubwa: _Ujumbe huu umefutwa_

Baba Mkubwa: Mama, sikupingi. Lakini tukilegeza, mabinti wengine watajifunza nini? Hata serikali 2017 ilikataa wenye watoto kurudi shule.

Mwl. Daudi: Na Novemba 2021 ikaruhusu, Waraka wa Elimu Na. 2. Una miaka miwili ya kurudi tangu uache. Huyu aliacha Novemba iliyopita, siku zinakwenda. Na hawa wanaorudi kwangu, kinachowashinda si masomo. Ni nani abaki na mtoto.

Mama Upendo: Ile amina niliisema kwa aibu. Mwanangu hajalala tangu aambiwe habari ya kusimama mbele. Ananiuliza mtoto atabatizwa na wenzake au pembeni.

*(Dakika kumi kimya.)*

Baba Mkubwa: Kesho asubuhi nitamwona mchungaji. Jumapili hasimami mtu kwanza.

Mwl. Daudi: Mimi na Mama Upendo tutakwenda dawati la jinsia polisi.

Shangazi Eli: Na mbuzi arudi kwao.

Baba Mkubwa: Mbuzi alishaliwa. Kipaimara cha Eliya.

Shangazi Eli: 🙆🏾‍♀️ Hata mimi nilikula supu ile!

Anko Jose: Tuchange tununue mwingine. Naanza na elfu ishirini.

Shangazi Eli: Wifi, shule ikifunguliwa mtoto atashinda kwangu Jumatatu hadi Ijumaa. Aje na chandarua chake, huku mbu ni balaa.